Kopo Lenye Mpira Mwekundu

Mwezi wa sita ukiingia, nyumbani kwa Iraida hapakaliki. Mvua zenyewe hazijaanza, mbingu ni buluu mpaka inachosha, na watu wa Guabá Juu bado wanaanika nguo bila kuangalia juu, lakini yeye ameshalishusha begi jekundu kutoka juu ya kabati na kulimwaga kitandani. Sindano, pamba, mashine ya kupimia sukari na betri zake, peremende ngumu kwenye mfuko wa nailoni, maziwa ya kopo. Anavigusa kimoja kimoja, anavirudisha, anafunga zipu. Kesho yake asubuhi anafungua tena kuona kama vimekaa vilevile, utadhani sindano zina tabia ya kutoroka.

"Mke wangu," Efraín humwambia, akiwa ameshika kikombe chake cha kahawa mlangoni, "kimbunga chenyewe bado hakijazaliwa."

"Kikizaliwa kitakuja kuniuliza kama niko tayari?"

Efraín hurudi kwenye kikombe chake. Ni mtu wa migomba na kahawa, hana haraka na jambo lolote, na amejifunza kwamba kati ya mwezi wa sita na wa kumi na moja mke wake habishiwi. Iraida huota miezi hiyo yote kwamba amefungua friji na imejaa maji ya moto. Huamka, huenda kuigusa, hurudi kulala, na baada ya muda huenda tena.

Tusimcheke. Kimbunga kikubwa kilichopita kilikata umeme huku milimani kwa miezi, na Iraida alikiona kwa macho yake kilichomkuta Chago. Chago alikuwa jirani wa bondeni, fundi wa kusuka viti, mpole, hana makuu. Hakuna aliyejua kuwa anajidunga sindano za sukari, kwa maana hakumwambia mtu. Dawa yake ilipata joto ndani ya friji iliyokufa ikaharibika. Akawa anakaa barazani kwake anakunywa maji, anakunywa maji, huku anakonda, na anayepita akimsalimia hujibiwa kuwa ni joto tu. Alipokufa watu walisema moyo. Iraida hakusema moyo. Yeye kiu ile anaijua, maana naye anaishi kwa sindano hizohizo tangu alipokuwa msichana, na aliponea tundu la sindano kwa sababu binamu wa Efraín kule pwani alikuwa na jenereta.

Basi hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza. Insulini isipokaa kwenye ubaridi haina kazi, na Iraida bila insulini hamalizi wiki.

Ubaridi wa kukabili giza aliupata kwa mikono yake. Alinunua vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa kimoja kidogo, akaingiza kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akamwagia maji mchanga ule na kufunika kitambaa kibichi juu. Kivulini, penye upepo, chungu cha namna hiyo hupoa chenyewe. Alikijaribu kila mwaka. Efraín aliwahi kukishika kwa ndani akasema, "Kweli, mke wangu una akili," na Iraida akamjibu, "Si akili, ni hofu."

Lakini alikosea jambo moja, tena kosa la kikwetu hasa.

Iraida anajulikana mlima mzima kwa sofrito yake, kile kiungo cha kijani cha kusaga, majani ya kulantro na pilipili tamu na vitunguu na thomu, ambacho bila hicho mwanamke wa huku hawezi hata kupasha maharage. Anaisaga, anaiuza, anagandisha ya akiba. Na anaiweka wapi? Kwenye makopo ya siagi, kama wenzake wote. Huku kwetu kopo la siagi halitupwi. Siagi ikiisha ndipo kopo linapoanza kazi: mbaazi, wali wa jana, vifungo vya shati, misumari. Ukifungua friji ya mtu ukaona makopo matano ya siagi ukatarajia siagi, wewe ni mgeni. Iraida naye, ili mtu asione dawa yake akifungua friji, aliitia kwenye kopo la siagi, akalivisha mpira mwekundu kuzunguka mfuniko, akaliweka rafu ya chini. Kwake mpira ule ulisema yote. Kwa macho ya mtu mwingine, lilikuwa sofrito.

Alikuwa akimficha nani? Nitasema wazi: Awilda, wifi yake, dada wa Efraín. Awilda ana ulimi ambao ungekata nyasi. Miaka mingi nyuma, kwenye ubatizo, Iraida alikataa keki, na mtu mmoja akanong'ona kuwa labda ana sukari. Awilda akaangua kicheko mbele ya watu wote. "Sukari? Hiyo si ya walafi na matajiri? Wifi yangu analima nini mpaka apate ugonjwa wa kitajiri?" Na yeye akachukua vipande viwili vya keki, akavifunga kwenye karatasi, akasema atavila nyumbani. Ndivyo afanyavyo kila karamu: hufunga keki yake, na kabla ya chakula hutoweka kwenda chooni, mpaka watu wakamzoea na kumtania kwamba kibofu chake kinasikia harufu ya wali. Tangu ubatizo ule Iraida akafunga mdomo. Mumewe peke yake ndiye aliyejua, na aliapishwa.

Awilda aliliona begi jekundu mlangoni, bila shaka. "Wifi, unahama lini?" alikuwa akiuliza kila akipita. "Ukifika mpakani utuandikie."

"Mpaka gani? Sisi ni kisiwa."

"Ndiyo maana nashangaa!"

Mwaka huo kimbunga kilikuja mwezi wa tisa. Sitaeleza upepo wake, anayetaka kuujua aje akae nasi. Kiliondoka na mabati ya watu watatu, kikalaza migomba yote ya Efraín, kikafunga barabara ya kushuka mjini kwa miti na udongo. Umeme ulikatika hata kabla hakijafika. Asubuhi iliyofuata jua lilitoka kama halijui kilichotokea, na wanaume wakabeba mapanga kwenda kufungua barabara, Efraín akiwa mmoja wao.

Na Iraida? Iraida alikuwa ametulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Friji ilikuwa bado na ubaridi kwa sababu ya friza iliyojaa sofrito ya barafu. Alipima sukari, akajidunga sindano ya asubuhi, akarudisha kichupa ndani ya kopo, akavisha mpira. Kisha badala ya kukaa ale, akajiambia kwanza alowanishe chungu. Maji ya bomba yalikuwa yametoka rangi ya kahawa. Akachukua ndoo, akapanda chemchemini, atarudi sasa hivi. Chemchemini kulikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na habari za paa la nani limekwenda wapi, na mti mkubwa ulikuwa umelala njiani, ikabidi kuzunguka.

Aliporudi alikuta mlango wa friji uko wazi nusu. Friza ilikuwa tupu. Rafu ya chini ilikuwa tupu.

Alisimama pale akitazama ile rafu, ndoo bado iko mkononi. Kisha akanusa moshi wa kuni kutoka upande wa nyumba ya jirani yao Mzee Goyo, na akaelewa. Umeme ukikatika, huku kwetu hakuna anayengoja nyama yake ioze. Friza zote humwagwa kwenye sufuria moja, mtaa mzima hula pamoja, na anayekusanya haulizi ruhusa, kwani kuuliza ni kumwonyesha mwenzio kuwa unamdhania mchoyo. Walikuja kuchukua sofrito. Wangeikosaje nyumbani kwa Iraida?

Alidondosha ndoo akakimbia. Begi jekundu aliliruka pale mlangoni, lile begi alilolifungua na kulifunga miezi mitatu, akaliacha nyuma.

Uwanjani kwa Mzee Goyo kulikuwa na sufuria kubwa juu ya mafiga. Mama Sixta alikuwa akimenya magimbi, miguu imetanuliwa. Awilda alishika mwiko, amefunga aproni yake ya mifuko. Mzee Goyo, mjane, mwenye nyumba, alikuwa akipasua kuni na kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Juu ya meza kulikuwa na makopo ya siagi yamerundikana, mengine yameshafunguliwa. Iraida akayavamia. Kijani. Kijani. Maharage. Kijani.

"Karibu na wewe," Sixta akasema. "Salamu zimechukuliwa na upepo?"

"Kopo langu."

"Yote ni yako, mwanangu, Mungu akubariki, mkono wako hauna mfano."

"Moja. Lenye mpira mwekundu."

"Mengine tumewapelekea wa ng'ambo ya mto kabla daraja halijaenda," akasema Mzee Goyo. "Kweli limekwenda. Nimelisikia likienda."

Awilda akaacha kukoroga. "Wifi," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote, "njoo kwangu mara moja. Nikuonyeshe kitu."

"Sina muda wa kuonyeshwa vitu!"

"Njoo tu, nakwambia."

"Ni nani aliingia kwangu? Ni nani aliyefungua friji yangu?"

"Makelele yote haya kwa sofrito?" Sixta akacheka. "Tutakulipa kitunguu."

Wengine wakacheka pia. Na Iraida, aliyekuwa amelifunga neno hili kinywani tangu ubatizo ule, akalitoa lote kwa kelele, mikono imejaa majani ya kijani mpaka viwiko.

"Si sofrito! Ni dawa yangu! Nina sukari, nina sukari ya sindano, ninajidunga kila siku, na dawa yangu yote ya kuishi ilikuwa kwenye lile kopo! Sasa chekeni!"

Kisu cha Sixta kilibaki ndani ya gimbi. Awilda alifungua mdomo, akawaangalia watu, akaufunga. Iraida alingoja mtu aseme neno, na alipokuwa akingoja aligundua kwamba mikono inamtetemeka, na si kwa hasira. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, jasho baridi. Sindano ya asubuhi ilikuwa inafanya kazi yake ndani ya tumbo ambalo halijatiwa kitu, na alikuwa amepanda mlima, amezunguka mti, amekimbia. Akaupeleka mkono mfukoni kutafuta peremende. Peremende zilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa mlangoni.

"Suk..." akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Sukari..."

"Ndiyo, mwanangu, tumesikia una sukari," Sixta akamwambia, na magoti ya Iraida yakakunjika akakaa chini kwenye matope.

Hapo uwanja ukachafuka. Mtu akaleta alkolado, ile spiriti yetu ya majani ambayo huku hupakwa kwa homa, kwa mbu, kwa mapenzi yaliyovunjika, na wakaanza kumsugua kichwa na shingo. Mwingine akampepea kwa mfuniko wa sufuria. Iraida aliwaona wakiwa mbali, kama watu walio upande wa pili wa pazia. Alijua hasa anachotaka, na hakuweza kukisema. Mzee Goyo akatokea jikoni kwake akiwa na bilauri ya maji ya sharubati ya miwa, nyeusi, nzito, akapiga magoti kumnywesha. Iraida akafungua kinywa.

Sixta akaipokonya bilauri. "Una wazimu, Goyo? Hukumsikia ana sukari? Unataka kumuua hapa hapa?"

"Mimi nilidhani tu..." akasema Mzee Goyo.

"Usidhani!" Akaimwaga chini.

Mzee Goyo akarudi nyuma. Iraida akaiangalia sharubati ikiingia udongoni, machozi yakamtoka. Ndiyo kusema, akawaza katika ule ukungu, ningenyamaza ningekunywa. Kisha hata wazo hilo likamponyoka.

Aliyesikika baadaye ni Awilda, na mtaa mzima ulimsikia.

"Ondoka hapo! Sixta, ondoa huo mkono! Sukari yake imeshuka, haikupanda!"

Mwiko ulianguka motoni. Awilda alikuja akipiga watu vikumbo, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kipande cha jamu ngumu ya mapera kilichofungwa kwenye karatasi ya keki. Akakimega, akakisukuma ndani ya shavu la Iraida kwa kidole, akamsugua shavu kwa nje. "Mumunya. Mumunya, wifi. Usimeze upesi. Haya, kingine."

"Utamuua," Sixta akasema, akilia. "Utamuua, na wewe hujui..."

"Najua!"

"Unajuaje?"

"Kwa sababu na mimi huwa naanguka hivihivi!" Awilda akapiga kelele. "Jikoni kwangu, peke yangu, chini, hivihivi! Haya, mmesikia. Leta hiyo sharubati, Goyo."

Mzee Goyo alikuwa ameshakwenda kuileta.

Ilichukua muda kidogo. Kwanza Iraida alisikia utamu, halafu harufu ya alkolado, halafu baridi ya matope chini yake. Uso wa Awilda ulikuwa karibu kabisa, umejaa masizi na jasho. Akawa mtu tena, na alipokuwa mtu tena alikasirika.

"Kopo langu liko wapi?"

"Liko kwangu. Liko salama, kwenye karai, chini ya kitambaa kibichi. Yako na yangu."

"Yako."

"Nililifungua natafuta sofrito. Lina mpira, lina vichupa. Nilidhani nimefungua la kwangu." Awilda akajipangusa uso kwa aproni. "Nimekuita uje nikuonyeshe."

"Umeniita huku umeshika mwiko! Ningejuaje? Umeniacha nilie mbele ya watu, kopo liko kwako!"

"Ndiyo."

"Miaka yote umenicheka."

"Nilikuwa nacheka ili wasiniangalie mimi," Awilda akasema. "Nilikuonea. Keki zote zile nawapa kuku. Unataka nini tena, wifi, nipige magoti? Nimeshapiga, nimo kwenye matope."

Iraida alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, akashindwa kuamua, akamshika mkono tu na kuubana mpaka Awilda akasema inauma. Wakakaa hivyo. Kisha Iraida akasema, kwa sauti ya chini, "Chago."

Awilda akainamisha uso. "Yale maji aliyokuwa akinywa," akasema. "Nilijua."

"Na mimi nilijua."

Wakasaidiana kuinuka kutoka kwenye matope.

Mtu alikwenda kuleta begi jekundu na chungu cha mchanga, na Awilda akaenda kwake akarudi na makopo mawili, siagi ya aina moja, mipira myekundu miwili. Iraida akapima sukari mbele ya watu, akaonyesha namba, akawaeleza kwa ukali, hasa Sixta, ni ipi ya kuogopa na ipi ya kutia sharubati mdomoni. Sixta alisikiliza kama mtoto aliyechapwa. Aliuliza mara tatu swali lilelile, na mara zote tatu Iraida akamjibu.

Wali wa mchuzi ulipoiva Awilda akavua aproni, akaanza kuelekea nyumbani kwake.

"Unakwenda wapi?" Iraida akamwuliza.

"Chooni."

"Awilda."

Awilda akasimama. Akatazama njia, akatazama sufuria, akatazama wale watu wote wenye sahani mikononi wakijifanya hawaangalii. Akarudi. Akakaa kwenye kigogo cha kuni, akachukua kichupa, akavuta dawa, akapandisha blauzi yake upande mmoja na kujidunga tumboni hapo hapo uwanjani, mchana kweupe, huku anatukana kwa sauti ndogo. Sixta alimshikia sahani.

Ni Mzee Goyo aliyekohoa. Aliweka shoka chini, akaingia ndani kwake, akakawia. Alipotoka alikuwa amekumbatia kopo la siagi kifuani.

"Huyu naye sasa ndiyo anatuletea siagi," Sixta akasema, "watu wameshakula nusu."

"Si siagi," akasema Mzee Goyo.

Iraida alimtazama, akaikumbuka ile bilauri. Hakumwuliza kitu. Akatoa kalamu ya wino mzito kwenye begi, akaandika jina lake juu ya mfuniko wa kwanza kwa herufi kubwa, akampa Awilda, Awilda akaandika lake na kumpa mzee. Mzee Goyo akaandika GREGORIO, jina lake kamili, polepole, herufi zote.

Iraida akayapanga makopo yote matatu ndani ya chungu. Yalienea vizuri, na pembeni ikabaki nafasi inayotosha kopo moja zaidi. Akaitazama ile nafasi, nafasi ya Chago. Kisha akaufunika mdomo wa chungu kwa kitambaa kibichi, akaenda kutafuta maji ya kuulowesha mchanga.